Kicheko cha Halidi Kwenye "Cheka Nikusikie"

Nimewahi kumwona mwanamke kabeba redio kaseti mgongoni, kaifunga kwa kanga kama mtoto, na redio inaimba.

Ilikuwa mchana kweupe, harusini, Kilakala, mwaka 1998.

Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Mimi nilikuwa na kipaza sauti mkononi. Mimi ndiye niliyewachochea.

Mnaonijua kama mzee Ernest wa kanisani mtashangaa. Someni tu. Nimekaa na hili miaka mingi, limenichosha.

Iko hivi.

Mwaka 1986 nilikuwa napiga kinanda kwenye bendi ya kiwanda kimoja cha nguo hapa Morogoro. Mwimbaji wetu alikuwa Mwaisha, Mluguru wa Mlali, mfumaji wa zamu ya asubuhi. Umbo dogo, lakini sauti! Akianza kuimba, hata bosi anakata simu asikilize.

Enzi za ruksa ndiyo zinaanza. Redio zinaingia, kaseti zinaingia, viatu vya kung'aa vinaingia. Vijana wanataka disko, bendi tunaonekana washamba. Tukasema poa, na sisi tunatoa disko.

Siku ya kurekodi, Mwaisha alikosa mtu wa kumwachia mwanawe Halidi, miaka mitatu. Akaja naye. Mama anaimba "cheka, cheka nikusikie", dogo naye akacheka kweli, palepale mbele ya kipaza sauti.

Fundi mitambo akataka turudie.

"Wee, usiguse!" nikamwambia. "Hiyo ndiyo dili yenyewe."

Sikukosea. Wimbo ulitesa. Kwenye disko toto, kwenye harusi, kwenye vilabu, watu wanasubiri kile kicheko. Kikifika, ukumbi mzima unalipuka.

Miaka miwili baadaye, surua ikamchukua Halidi.

Baada ya arobaini, Mwaisha akaja kwangu. Nilimkaribisha chai, hakuigusa.

"Kaka Ernest, mimi ule wimbo siuwezi tena. Na nyie mkiupiga, kile kicheko kitoeni. Juzi nimekisikia sokoni nikageuka kumtafuta. Nimezunguka soko zima, kaka."

"Nakuahidi, dada. Haki ya Mungu."

Sikutoa kitu. Wiki ileile tuliupiga kwenye sherehe ya kiwanda na kicheko chake, kutoka kwenye kanda.

Kisha kiwanda kikayumba. Mitumba imejaa sokoni, nani anunue vitambaa vyetu? Tukapunguzwa kazi, kundi zima kwa siku moja. Mwaisha akarudi Mlali kulima na mama yake. Mimi nikaondoka na ule mkanda mkubwa wa studio tuliorekodia wimbo, maana hakuna aliyeuulizia, nikafungua kibanda cha kurekodi kanda.

Wimbo haukufa. Bendi moja ya Dar ikaurudia. Kwenye kicheko wakaweka dume zima linabana sauti. Kikundi cha taarabu nacho kikaurudia, wao wakaweka vigelegele. Mwaisha hakusema neno. Nadhani hizo hazikumuumiza.

Mwaka 1996 akaja kijana anaitwa Nasibu, prodyuza kutoka Dar, miwani ya jua usoni, hata ndani haivui.

"Braza, redio za watu binafsi zimefunguka. Nataka kuufanyia rimiksi ule wimbo. Ila nataka kicheko orijino, siyo zile feki."

Nikampa mkanda. Yeye akanipa redio kaseti kubwa mpya, ya milango miwili. Mwaisha sikumkumbuka hata kidogo. Ningewaambia nilimkumbuka, ningekuwa naongopa.

Rimiksi ilikuwa noma. Ngoma za kompyuta, vijana wanafoka, na kicheko kinarudiwa mara nane mfululizo, ha-ha-ha-ha, kama mashine. Niliiweka kibandani kuanzia asubuhi.

Siku ya tatu, Mwaisha akasimama mbele ya kibanda. Kakonda, miguu ina vumbi la Mlali.

"Kaka Ernest, naomba uzime kidogo nikwambie kitu."

Wateja walikuwa wanne. Niliona aibu, nikaona ataniharibia.

"Mama Halidi, biashara hii. Aliyekufa kafa, tumwache apumzike."

"Siyo hivyo kaka, nisikilize, huyo mto..."

Nikaongeza sauti.

Aliendelea kusema, naona midomo inacheza. Nikawageukia wateja, nikazungusha kidole karibu na kichwa, kuwaonyesha kuwa huyu zimemruka. Wakacheka. Mwaisha akatutazama mmoja mmoja, akaondoka.

Sasa ndiyo tunafika Kilakala.

Harusi ile mimi ndiye nilikuwa mtu wa muziki. Mwaisha alikuja kusaidia kupika, wana undugu na bibi harusi. Umeme ukakatika. Nikatoa ile redio aliyonipa Nasibu, nikaitia betri, nikaweka nyimbo za vijana. Baba wa bibi harusi akasema, "Ernest, tuachane na kelele hizi. Tuwekee ule wa zamani."

Nilikuwa na kaseti moja ya wimbo wa kwanza, ya mwisho niliyobaki nayo. Nikaiweka.

Kicheko kilipofika, sufuria likaanguka jikoni.

Mwaisha akaja mbio, mikono ina unga. Akaichukua redio mezani, akaiweka mgongoni, akavua kanga ya juu akaifunga vizuri, akakaza fundo kifuani. Akaanza kwenda. Anaipigapiga taratibu, kama mtu anayebembeleza.

Watu walikuwa wanampisha. Nilichotakiwa kufanya ni kunyamaza tu.

Kipaza sauti kile kilikuwa na betri zake. Nikasema, "Jamani mpigieni makofi mama Halidi, anampeleka mtoto kliniki!"

Basi, wakaangua kicheko. Vijana wakamfuata barabarani wanamzomea kwa kiitikio cha wimbo wake mwenyewe. Hakugeuka.

Siku ya pili nilikwenda Mlali na mgambo mmoja, Kondo. Mama yake Mwaisha, bibi Filomena, alikuwa mlangoni.

"Shikamoo, bibi."

Hakuitikia.

Mwaisha alitoka mwenyewe na redio, kaifuta vizuri.

"Chukua redio yako, kaka. Nimekosa. Kanda tu niachie."

"Kanda ni yangu."

"Nakuomba."

Kondo mwenyewe alinigusa bega. "Mzee, muachie, kanda kitu gani?"

Lakini Nasibu alikuwa ameniomba chochote cha zamani, anataka kutoa rimiksi ya pili. Nikaondoka nayo.

Nasibu alikaa nayo miezi mitatu. Nilipoiulizia akajikuna kichwa.

"Braza, samahani. Dogo mmoja alirekodia mistari yake juu yake. Imefutika."

"Si kitu, kicheko si unacho kwenye ule mkanda mkubwa?"

"Ule? Ulikuwa umeota ukungu, haukutoa hata sauti. Kile kicheko cha rimiksi ni cha mtoto wa jirani yangu, nilimtekenya tu."

Nilizunguka vilabuni na kwa wenye kanda kutafuta nakala nyingine ya wimbo wa kwanza, zote zilishachakaa au zimerekodiwa juu.

Nikapanga kusema uongo. Nikarekodi kile kicheko cha mtoto wa jirani kwenye kaseti safi, nikapanda tena Mlali, nikampa Mwaisha.

"Huyu hapa mwanao, dada. Nisamehe."

Akaweka kwenye redio ndogo ya mama yake. Akasikiliza sekunde chache tu, akazima.

"Huyu si Halidi. Halidi akimaliza kucheka alikuwa anashikwa na kwikwi, na kwenye wimbo ipo. Umeupiga miaka yote ile, kaka, hukuwahi kuisikia?"

Akaitoa kaseti redioni.

"Siku ile kibandani nilikuja kukwambia hivyo. Kwamba umedanganywa, huyo mtoto siye. Nilitaka kukuuliza wa kwangu yuko wapi, nije nimsikilize mara moja moja. Ukaongeza sauti."

Akanirudishia kaseti kwa mikono miwili, kwa heshima zote, akaingia ndani.

Mwaisha yupo mpaka leo. Wimbo nao upo, mwaka jana vijana wameutoa tena. Mtoto wake hayupo popote, hata kwa sekunde nne, na aliyemfuta ni mimi.

Ndugu yangu unayesoma hapa, mtu akikuomba uzime muziki akwambie kitu, zima. Huenda anachotaka kukwambia ni kifupi sana.