Siku Niliyonyimwa Marahaba

Ipo siku moja ninayoikumbuka kuliko siku ya harusi yangu, mwanangu. Ni siku niliyotoa shikamoo mara tatu mbele za watu nikanyimwa marahaba. Nakusimulia leo kwa sababu nimekasirika. Asubuhi umenisalimia nikanyamaza, ukadhani sikusikia. Nilisikia vizuri sana. Nimestaafu kazi, sijastaafu masikio.

Juzi uliisahau mezani kwangu taarifa ya robo mwaka ya kijiji chako, nami nikaisoma yote. Penye maji ya zahanati umeandika yapo. Penye changamoto umeandika hakuna. Hakuna! Simtanki la zahanati yako limepasuka tangu kiangazi, na mimi mwenyewe nimetia vidole kwenye ule ufa. Wajawazito wanaambiwa waje kujifungua na maji yao. Nyanzobe, jirani yako ukuta kwa ukuta, yuko mwezi wa tisa, na mama mkwe wake ameshaanza kuazima madumu. Taarifa hiyo inakwenda halmashauri Jumatatu. Basi kaa hapo, na hiyo simu iweke chini.

Nilikuwa na umri kama wako nilipopangiwa kuwa mtendaji wa kijiji, kazi hii hii yako, upande wa Bugarama. Nilijiona mkubwa, sketi imepigwa pasi, muhuri haunitoki mkobani. Kijiji kilikuwa na kisima kimoja cha pampu ya mkono, nacho kikafa. Sikuhitaji kuambiwa, maana hata mimi nilikuwa nachota hapo hapo. Lakini katika kikao cha watendaji nilikuwa nimemwona mwenzetu mmoja akisimamishwa na kuulizwa, "Kwa nini kwako tu ndiko kila siku kuna matatizo?" Watu wakacheka. Na mimi nikacheka, Mungu anisamehe. Nikarudi kwangu nikaandika kwamba kisima kinafanya kazi na changamoto hakuna. Nilisifiwa, mwanangu, na zile sifa zilininogea.

Haukupita muda likaja gari la mafundi kutoka Kahama, limejaa mabomba, likasimama mbele ya ofisi yangu. Walikuwa wanauliza njia ya kwenda kijiji cha yule mwenzangu tuliyemcheka.

"Kwako tumeambiwa ni kuzuri tu, dada," dereva akasema.

Hapo nilikuwa na nafasi ya kufungua mdomo. Neno moja tu lingetosha, na mabomba yalikuwa pale mbele ya macho yangu. Badala yake nikanyoosha mkono nikawaonyesha pa kukata kona.

Wanawake wakawa wanachota kwenye shimo la zamani la wachimbaji lililojaa maji ya mvua, kingo zake utelezi mtupu. Siku moja Kabula akateleza na ndoo kichwani akatumbukia. Walimtoa mzima, ila nyonga ilivunjika, na mpaka leo anachechemea. Alikuwa binti wa miaka ishirini, amepigana na jembe tangu utoto, na mimi ndiye niliyemvunja kwa kalamu.

Nikaenda kutoa pole. Mama mkwe wake Kabula ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa kamati yetu ya maji, mama mtu mzima tuliyemwita Ng'wana Maduhu. Uwanja wake ulikuwa umejaa watu. Nikapiga magoti kama tunavyosalimia sisi wanawake wa Kisukuma, nikasema shikamoo. Kimya. Nikarudia kwa sauti kubwa zaidi. Kimya. Nikasema mara ya tatu, huku vumbi linanichoma magotini na watu wazima wananitazama. Unajua kwetu mtu mzima akikataa salamu yako maana yake nini. Hata mgoni huitikiwa. Nilitamani ardhi inimeze.

Mwishowe akanena taratibu, "Ng'wanone, mwanangu, gari la mabomba lilipita hapa. Uliwaonyesha njia kwa mkono upi?"

"Wa kulia, mama."

"Na kuandika unaandika kwa upi?"

Nikauficha mkono ule ule nyuma ya mgongo.

"Marahaba yangu utaipata siku nitakapokunywa maji ya kisima. Inuka uende."

Kesho yake nilipanda lori la mahindi mpaka ofisini kwa wakubwa wangu, nikasema wazi kwamba taarifa yangu ilikuwa ya uongo. Nilikaripiwa, nikaandikiwa barua ya onyo, na barua hiyo ilikaa kwenye jalada langu mpaka nastaafu. Pampu ilitengenezwa baada ya majuma mengi, si siku ile gari lilipokuwa mlangoni. Ng'wana Maduhu akanywa kikombe kizima, akanitazama, ndipo akaniitikia. Nililia pale kisimani kama mtoto.

Sasa wewe utaniambia kwamba ukiandika matatizo utaonekana hufai. Najua. Nawakasirikia na wakubwa wako wanaopenda karatasi safi, na siku nikikutana nao nitawaambia. Lakini wao hawamjui Nyanzobe. Wewe unamjua, unamsikia akikohoa. Halmashauri haina macho kwenye zahanati yako ila yako wewe, na ukiyafumba, tanki jipya litapelekwa kwingine na wewe utaelekeza dereva.

Kwa hiyo hii ndiyo nasaha yangu. Usiandike bomba linatoa maji kabla hujalifungua kwa mkono wako. Taarifa yoyote kabla haijaondoka kijijini, itisha mkutano uisome kwa sauti, wanawake wakiwa wamekaa mbele, wakusahihishe. Mimi nilifanya hivyo miaka yote iliyobaki, na walinisahihisha kweli kweli, wengine kwa matusi. Na mwenzako akichekwa kikaoni kwa kusema ukweli, simama useme na wa kwako.

Mungu akulinde katika kazi hii, mwanangu, akupe uso usioona haya kuomba kwa ajili ya watu wako, na Nyanzobe ajifungue salama mikononi mwa muuguzi aliyenawa. Shikamoo yako ya asubuhi bado ninayo, sijaiitikia. Nenda ukaandike kwamba tanki limepasuka, uisome mbele yao, kisha rudi unisalimie upya. Nitaitikia mpaka Nyanzobe asikie.