Mfumo Uliopumua Bila Shuruq

Katika kampuni yao pale Amman, Shuruq peke yake ndiye aliyeujua mfumo wa malipo ndani nje, na ndiyo maana hakuwa na usingizi. Ulipokwama, aliitwa yeye. Alipoomba kupandishwa cheo, bosi wake Nizar alicheka.

"Nikupandishe, dada yangu, halafu mfumo nimwachie nani? Kondoo wa Idi?"

Siku hiyo moyo ulimwenda mbio mpaka akashika ukuta. Daktari alimwamuru apumzike.

Basi Idi ilipokaribia, alimwachia mwenzake Diya simu ya kazi, akajiandaa kwenda kwa mama yake huko Karak.

"Ukiuharibu mfumo, usinipigie," alimwonya.

"Nikupigie wapi, mama? Simu si ninayo mimi!"

Karak alilala kama mtoto mchanga. Aliporudi, aliambiwa mfumo ulizimika siku yenyewe ya Idi, na Diya akauamsha. Alifungua kazi ya Diya kwenye kompyuta kwa hofu. Ile sehemu ya programu ambayo yeye mwenyewe hakuthubutu kuigusa kwa miaka, Diya alikuwa ameiandika upya kwa mistari michache, myepesi, yenye maelezo ambayo hata mgeni angeyafuata.

"Umekasirika?" Diya aliuliza.

"Nyamaza kwanza. Nasoma."

Vinyweleo vilimsimama. Kile alichodhani kinaishi kwa pumzi yake kilikuwa kinapumua chenyewe, tena vizuri kuliko zamani. Machozi yakimlengalenga, akamshika Diya mkono wakaenda pamoja kugonga mlango wa Nizar, kumwonyesha mtu wa kuachiwa mfumo.