Chumvi ya Euphrasie

Euphrasie hakuwa mtu wa kusamehe, na wanaomsifia upole leo hawakumjua. Kijiji chake kilikuwa ndani ya pori la Walikale, upande wa Hombo. Mwaka 1944, uasi dhidi ya Wabelgiji ulipozimwa, askari wa serikali walichoma nyumba zote. Mumewe, Benoît, mmoja wa waasi, alijificha kwenye kambi ya uwindaji, mahali palipojulikana na watu wawili tu: yeye Euphrasie, na Straton, rafiki aliyetega nyavu na Benoît tangu ujana. Askari walikwenda moja kwa moja hadi pale. Benoît akafia gerezani. Haukupita muda, Straton akafanywa kapita, msimamizi wa kijiji kwa niaba ya Wazungu.

Kila mtu alielewa, lakini hakuna aliyeshuhudia. Straton alikana, tena kwa machozi, nyoka yule.

Kesi ya namna hiyo pale kijijini ilimalizwa kwa chumvi. Mjane akipokea chumvi mkononi mwa anayemshuku, kesi imekufa, asiitaje tena. Lakini mshukiwa akila chumvi ya mjane, amekiri damu. Hakuna mwanamume atakayewinda naye wala kuota naye moto, mpaka mjane mwenyewe amwachilie.

Miaka ikapita, ndipo msaada ukaja kutoka Ubelgiji: mablanketi, majembe na magunia ya chumvi kwa vijiji vilivyoungua. Na nani akapewa kazi ya kugawa? Kapita, bila shaka! Wajane wengine walipokea, kwa kuwa hawakuwa na kesi naye. Euphrasie alikwenda zake mtoni, akakata matete, akayachoma, akachuja majivu yake na kuyachemsha mpaka akapata chumvi yake mwenyewe, chungu na ya kijivu. Aliila hiyo, na kila tonge lilimkumbusha Benoît. Hasira yake haikupoa hata kidogo.

Kisha Mzungu wa msaada akaahidi kujenga nyumba ya uzazi. Rosalie, binti wa pekee wa Euphrasie, alikuwa na mimba, na mimba ya kwanza ilikuwa karibu imuue. Straton akaona mwanya. Akaja mlangoni.

"Mama Euphrasie, kesho wakubwa ya Muzungu wanakuja. Upokee chumvi ku mukono yangu, mambo iishe. Ukikatala, nitawaambia hapa wajane hawana shida. Maternité itajengwa kwingine."

Euphrasie alitamani kumtemea mate usoni. Akayameza.

"Nitakuja, Papa Straton."

Rosalie alilia usiku ule. "Mama, utamuachia kweli damu ya Papa?"

"Nimesema nitakuja. Sikusema kitu ingine."

Kesho yake wakubwa walikaa kwenye viti, watu wamejaa uwanjani. Straton alisimama na chumvi yake mkononi, uso unang'aa kama bwana harusi. Euphrasie alikuja na bakuli la sombe, majani ya muhogo yaliyotiwa chumvi yake ya matete, akalinyoosha kwa mikono miwili.

"Papa Kapita, onja kwanza chumvi yangu, yenye nilipika mwenyewe."

Wanaume wote wakamkazia macho kapita. Straton akarudi nyuma. "Nimeshiba, Mama."

Mzungu hakujua desturi hata moja. Aliposikia maneno yale alifurahi sana, akadhani ni shukrani. "Kula, kapita! Usikatale chakula ya mama!" Straton akatikisa kichwa. Mkubwa mmoja akakunja uso, akauliza huyu kapita gani anayedharau wajane. Straton aliwatazama Wazungu, akawatazama wawindaji wenzake. Akachagua cheo. Akala.

Wazee waligeuka, wakampa mgongo. Euphrasie alichekelea waziwazi, hakujificha. Kisha akapokea chumvi ya msaada, lakini aliichukua mkononi mwa Mzungu mwenyewe, ambaye alimpongeza.

Nyumba ya uzazi ikajengwa, Rosalie akajifungua salama. Straton alibaki kapita, akiwaamrisha watu wasiomjibu salamu. Nyama ya porini aliisikia harufu tu. Alikuja mara nyingi kuomba aachiliwe, na Euphrasie alimjibu neno moja: "Bado."

Mwaka 1957 mama yake Straton, Bibi Vestine, alifariki. Ndiye aliyempokea Euphrasie kwenye kibanda chake cha shambani nyumba zilipochomwa, akamwongoza Rosalie kwa mkono porini, na hakuwahi kumtetea mwanawe. Kaburi huchimbwa na wawindaji wanaowinda na mfiwa, nao walikaa majumbani mwao wakingoja neno la Euphrasie. Straton akapiga magoti mlangoni kwa Euphrasie.

"Si kwa ajili yangu. Kwa ajili ya Mama. Sema tu neno."

"Benoît nani alimuchimbia?" aliuliza, akafunga mlango.

Mvua ilinyesha siku nzima. Straton alichimba peke yake, akambeba mama yake peke yake. Ndani ya nyumba Euphrasie alimlilia Bibi Vestine mpaka macho yakavimba. Neno hakulitoa.