Upepo wa Breki

Shangazi yangu alikuwa dereva wa basi la manispaa, na pale yadi sijawahi kusikia mtu akimwita kwa jina lake. Wote walimwita Mama Gia. Jina hilo alipewa na madereva wenzake, wanaume watupu, enzi zile alipokuwa mwanamke peke yake. Aliweza kulipandisha basi bovu kuliko yote mlima wa hospitali likiwa limejaa hadi mlangoni, akibadilisha gia kwa kusikiliza mngurumo tu, bila kukwaruza. Siku jiji lilipotangaza kwamba linaachana na dizeli na kuleta mabasi ya umeme, mabasi yasiyo na gia hata moja, fikirieni utani alioupata. Mzee Honi, dereva mkongwe ambaye mdomo wake hauna likizo, alisema kuanzia sasa aitwe Mama Betri. Shangazi alicheka nao, lakini nyumbani chakula kilikuwa hakipiti.

Msije mkadhani aliyachukia mabasi hayo. Jiji lilikuwa limebandika mabango kila kona, hewa safi, mitaa ya kijani, miti mizuri iliyopangwa mstari. Mimi yalinichosha, maana aliyeichora ile miti sijawahi kumwona na ndoo ya kuimwagilia. Shangazi aliyaamini. Moshi wa dizeli alikuwa ameuvuta maisha yake yote ya kazi. Leso yake jioni ilikuwa nyeusi, na kikohozi chake ndicho kilichokuwa hodi yake, ukikisikia unajua yuko mlangoni. Alitaka miaka yake ya mwisho aendeshe kitu kisichomtapikia masizi mtoto wa mtu kituoni. Tatizo ni kwamba mabasi mapya yalikuwa machache kuliko madereva. Kila mmoja angepewa mtihani mara moja tu, na atakayeshindwa angeondoka pamoja na basi lake la zamani.

Sasa niwaeleze tabia moja ya madereva wetu, maana bila hiyo hamtanielewa. Mabasi yale ya zamani hendibreki zilikuwa zimekwisha kitambo, na fundi aliahidi kuzitengeneza tangu sijaanza kazi. Kwa hiyo dereva akiegesha, anaweka gia namba moja na kuzima injini, na gia ndiyo inalishika basi. Akisikia kimya anajua gari limelala, anashuka zake. Hakuna aliyefundishwa hivyo. Mkono ulikuwa umeshazoea, na mkono ukizoea hauulizi kichwa.

Siku ya mtihani tulikuwa yadi sote watatu, shangazi, mama yangu na mimi. Mama alikuwa anaosha mabasi kwa nje, mimi nasafisha ndani. Mama na shangazi ni mawifi, wametaniana tangu mama aolewe, na asubuhi ile mama alimwambia asiwe na wasiwasi, akishindwa kuna ndoo ya pili. Shangazi akachukua tambara langu, akaanza kufuta kioo nilichokwisha kukifuta. Hapo nilijua hofu imemshika kwelikweli.

Akatoka na mkaguzi, kijana mpole mwenye miwani. Tukabaki tunaosha mabasi yaliyokwisha kuoshwa. Madereva wengine walikaa kwenye benchi wakijifanya wanaongea mpira, huku kila mmoja akiangalia geti. Mzee Honi, aliyepita siku iliyotangulia, alikuwa akitoa mawaidha ambayo hakuna aliyeyaomba. Basi lilirudi bila sisi kulisikia. Tuliona tu geti limejaa kitu cheupe, na kwenye usukani shangazi amekaza shingo. Mkaguzi akashuka akitabasamu, akasema mbele ya watu kwamba Mama Gia amepita, tena vizuri, kisha akaelekea ofisini.

Mama alipiga kigelegele akarudi kazini. Shangazi alilisogeza basi hadi mahali pa kuoshea, uso wa basi ukitazama ukuta, akashuka kwa furaha, mlango akauacha wazi, akaanza kuvuka yadi kwenda kupongezwa. Mimi nikaingia, nikafagia, nikatoka. Nikabonyeza kitufe cha nje kufunga mlango, maji yasiingie ndani, kama tulivyoelekezwa. Mama alikuwa mbele ya basi, amelipa mgongo, ameinama anajaza ndoo kwenye bomba la ukutani. Kichwani amejifunga kitambaa hadi masikioni, na pampu ya maji inapiga kelele kando yake.

Basi likaanza kutembea.

Halikunguruma wala kutikisika. Lilikwenda taratibu, tena kwa adabu, kama mtu anayesogea kwenye foleni. Mwanzo nilidhani macho yangu ndiyo yanayoteleza. Kisha nikaona nafasi kati ya basi na mama inapungua. Nikamwita, hakusikia. Na mimi, badala ya kufanya la maana, nikakimbilia mbele nikaegemeza mikono kwenye basi nikisukuma, eti nilizuie. Viatu vikawa vinaserereka kwenye sabuni.

“Mlango!” shangazi alipaza sauti kutoka katikati ya yadi, anakuja mbio. “Fungua mlango!”

Nikarudi kwenye kitufe, nikakibonyeza. Mlango ukafunguka, na basi likajishika papo hapo, kwa sababu mabasi yale yameundwa hivyo, mlango ukiwa wazi hayaendi. Ndiyo maana lilitulia shangazi aliposhuka. Alikuwa ameliacha kwenye mwendo wa mbele, bila hendibreki. Alisikia kimya, mkono ukamwambia gari limelala kwenye gia.

Lilikuwa limeshamfikia mama na kumsukuma mgongoni. Mama akageuka kwa hasira akidhani kuna mtu anamfanyia mzaha, akakuta kioo kimemjaa usoni. Ndoo ilikuwa imebanwa ukutani, imepasuka. Akaiangalia ndoo, akatuangalia sisi, akakaa chini kwenye maji.

Wale wa kwenye benchi, pampu ikipiga kelele, hawakuelewa kilichotokea. Ofisini hawakujua lolote. Shangazi alimkagua mama mgongo, mbavu, mikono, akakuta mzima, kisha akasimama akatazama mlango wa ofisi. Mama akamsoma mawazo.

“Wifi, aliyeponea chupuchupu ni mimi,” akasema, “na mimi nasema nyamaza.”

“Wewe nitakuomba radhi nyumbani,” shangazi akamjibu. “Huko vituoni nitamwomba nani? Kesho hawa wote wataegesha kama mimi.”

Mama alimshika shati la sare, akamwambia amepigania usukani huo tangu ujana wake, asiutupe kwa sababu ya ndoo. Shangazi akaitoa mikono ya mama polepole, akaenda. Nilimfuata nikiomba kimoyomoyo mkaguzi awe ameshaondoka. Alikuwepo. Shangazi alipoanza tu kwamba kuna jambo limetokea pale nje, kijana yule alivua miwani.

“Mama Gia, umeshapita,” akasema taratibu. “Ukiendelea, itabidi nikusikie.”

“Nisikie,” shangazi akasema.

Akaeleza yote. Kisha akaomba kitu kimoja: mkaguzi amwite dereva yeyote aliyekwisha kupita, amwambie aegeshe kwenye ukuta, asimwambie zaidi. Akaitwa Mzee Honi. Tukaiweka ndoo iliyopasuka mbele ya ukuta. Mzee Honi akaleta basi akipiga soga dirishani, akasimamisha, akashuka, akaja kutuuliza kulikoni. Shangazi akabonyeza kitufe cha mlango.

Basi likaenda kimyakimya likaisaga ile ndoo mpaka shangazi alipoufungua mlango tena. Benchi lote lilisimama. Mzee Honi aliutazama mkono wake wa gia, na kwa mara ya kwanza mdomo wake ulichukua likizo. Akasema kwa sauti ndogo kwamba jana pia aliegesha hivyo hivyo.

Mkaguzi akaamuru hakuna basi kutoka mpaka madereva wote wafundishwe upya kuegesha: wavute hendibreki, wausikie upepo wake ukitoka, ndipo washuke. Wao walibaki na nafasi zao. Shangazi hakubaki na yake, kwa sababu basi lake lilimgusa mtu, na kwa kanuni mtu akiguswa ni ajali, na ajali ni kushindwa. Nilimkasirikia mkaguzi, nikamkasirikia na shangazi, na mama hakuongea na wifi yake mpaka kikohozi chake kilipogonga mlangoni siku kadhaa baadaye, akamfungulia.

Asubuhi mabasi yalipoanza kazi nilikuwa na shangazi kituoni, chini ya mlima wa hospitali. Alikuwa amevaa nguo za kawaida, na hilo tu lilitosha kuniumiza. Basi likaja bila moshi, kimya kabisa. Kwenye usukani alikuwa Mzee Honi. Mlango ukafunguka, watu wakapanda, shangazi akabaki ameinamisha kichwa pembeni kidogo, vile alivyokuwa akisikiliza injini zamani.

Mzee Honi alimwona. Hakumtania. Akanyoosha mkono, akavuta hendibreki, na upepo wa breki ukatoka, fshhh, mrefu na wazi, sauti pekee kwenye basi lile.

“Sawa,” shangazi akasema, akapanda.