Watu Mia Saba na Bomba la Kawe

Mume wangu ni mwalimu wa fizikia, na mtu wa fizikia akishaipata namba, jamani, humtoi. Mwaka ule alijifundisha mwenyewe kutengeneza aplikesheni za simu, akatengeneza ya maji. Sie wa Kawe maji ya bomba yanakuja yakijisikia. Basi wazo lake lilikuwa hili: wa kwanza kuyaona abonyeze kitufe, wengine wote wapate taarifa, wakimbilie kukinga. Mie nililisifia kwa moyo mmoja.

Kosa langu likaanza hapo. Wiki ya kwanza waliipakua watu tisa tu, akanywea mpaka chai ikawa haimshuki. Huruma ikanishika. Nikaingia kwenye makundi yangu yote ya simu, la kwaya, la kamati ya harusi ya mdogo wangu, la wazazi wa chekechea, nikaomba vilevile ninavyoombaga michango: "Wapendwa, msiniangushe, pakueni ya shemeji yenu." Na watu wa Dar kwa kuchanga hawana mpinzani. Walipakua mpaka wa Mbezi Beach wenye visima vyao uani.

Nikawa naamshwa na namba. "Mama watoto, mia nne!" Mara mia sita. Ilipofika mia saba akaandika barua ya kuacha kazi, aipeleke Jumatatu, abaki na aplikesheni tu. Niliisoma yote. Ualimu wake ndo ulikuwa unatuweka mjini, na ile mia saba nilimpikia mie. Nikamrudishia barua yake, nikaenda kuosha vyombo. Mwoga ni mwoga.

Jumamosi mchana maji yakatoka. Tulijuaje? Jirani alipiga kelele ukutani, "Majiii!", siku zote ndo hivyo. Mtaa mzima ukatoka na ndoo. Mwalimu wangu kasimama katikati yao, simu mkononi, anasubiri. Wapi! Hakubonyeza hata mmoja.

Akamfuata jirani. "Mama, mbona hukubonyeza?"

"Mwalimu na wewe! Nibonyeze na mikono imelowa?" Akacheka. "Halafu ile si nilishakuchangia? Mkeo alituomba, nikaipakua hapohapo. Baadaye nikaifuta, simu ilijaa."

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Mume wangu aliingia ndani, akakaa, akanyoosha mkono. "Lete simu yako." Nikampa. Akatafuta, akarudia tena kutafuta. Aplikesheni yake haikuwemo. Nilikuwa nimeifuta ili picha za sherehe ya sendofu ya mdogo wangu zipate nafasi.

"Kumbe watu mia saba walinionea huruma," akasema, "na wewe ndo mwenyekiti wao."

Nikalia kwa aibu. "Niliogopa utaumia."

"Ungeniacha mpaka Jumatatu nikaumie vizuri?"

Akaniacha nifute machozi, halafu akauliza taratibu, "Haya, niambie kweli. Ni nzuri?"

"Si nzuri. Maji yakitoka mtu anawahi ndoo, hawahi simu."

"Endelea."

"Unaniuliza mie niliyeifuta?"

"Ndo maana nakuuliza wewe." Akaitoa ile barua mfukoni, akaigeuza upande usioandikwa, akaomba kalamu.