Mbuzi wa Kumrudisha Mke

Mama yangu alikuwa na dada mkubwa, ambaye mimi nilimwita mama mkubwa. Kila alipokwenda kuchota maji, mumewe alitema mate chini, na yeye alitakiwa kurudi kabla mate hayajakauka. Siku za jua kali alirudi akikimbia, na kwa maji aliyomwaga njiani alipigwa fimbo nyingine za peke yake. Mvua zilipoanza alipata nafasi ya kusalimia watu. Ndiyo sababu sura yake naikumbuka ikiwa imelowa.

Mumewe alikuwa mtu wa reli. Vita vilipokata njia na treni zikalala hapa Kindu, akabaki nyumbani kusimamia familia badala ya mabehewa. Alikuwa na kufuli kubwa la ghala. Kila alipotoka, alilifunga mlangoni kwa nje, mke na watoto wakiwa ndani. Mtaa wetu wote kule Mikelenge ulimsifu. Wenye bunduki walikuwa wakiingia nyumba za watu watakavyo, na yeye akaonekana ndiye mwanaume anayejua kulinda watu wake. Wengine walitafuta kufuli kama lile wasipate.

Siku moja mama mkubwa alitukimbilia na watoto wake, sikio limevimba, hasikii upande mmoja.

Huku kwetu mke akikimbia, mume huleta mbuzi. Wazee wa upande wa mke wakishika kamba, wanawake wanapika, na nyama ikishaliwa kesi imekufa, mke anarudi kwake. Mbuzi haulizwi maoni yake, wala mke. Nasi tulikuwa tunakula sombe, majani ya muhogo, bila chumvi tangu sijui lini, basi wazee walielewana upesi kuliko nilivyowahi kuwaona wakielewana juu ya jambo lolote.

Mjomba wangu, mkubwa wa ukoo, alimwambia mama mkubwa, "Dada, vita iko inje. Wewe uko na bwana mwenye kufunga mulango, unalia nini? Mwanamuke ni kuvumilia."

"Anatufungia ndani, yaya," akamjibu kaka yake. "Siku moja hatafungua."

"Mbuzi imekwisha kuchinjwa," mjomba akasema.

Mama yangu ndiye aliyempika. Nyama ilikuwa tamu, sitadanganya. Mama mkubwa hakula. Aliondoka na watoto wake masufuria hayajaoshwa.

Vita vilipoisha, treni ya kwanza ikaingia ikipiga honi na mji mzima ukakimbilia stesheni. Mama mkubwa aliomba ruhusa ya kwenda kuiona. Mumewe akakataa. Mama mkubwa akamjibu kwamba basi atapanda treni hiyo hiyo na watoto. Mumewe akafunga kufuli, akamwaga petroli, akawasha. Majirani waliporudi kutoka stesheni na kuleta shoka, walikuwa wamechelewa. Walikufa wote, mama mkubwa, watoto wake, na mama mzazi wa yule bwana, aliyekuwa mgonjwa chumba cha nyuma. Bwana mwenyewe walimkuta amekaa uani kwenye kiti chake, ufunguo mfukoni. Alisema hakuna aliyemwomba ufunguo.

Alifia gerezani na sikusikitika hata kidogo. Msibani mjomba alieleza kwamba ni shetani aliyemwingia. Hapa kwetu shetani ana mabega mapana, hakuna mzigo anaoukataa.

Mwaka huu binti yangu alirudi nyumbani amevunjwa jino. Mumewe ni kijana mpole mbele za watu, ana duka, na simu ya mkewe huikagua kila jioni. Wiki haikwisha akaja na wazee wake na mbuzi dume, mnono kweli. Mjomba, sasa mzee wa fimbo, akakaa kwenye kiti cha plastiki na kunyoosha mkono apokee kamba.

Mama yangu akamtangulia. Mgongo umempinda, lakini kamba aliishika. Akamgeukia binti yangu.

"Mujukuu, unataka kurudia kule?"

Katika ukoo wetu sijawahi kusikia swali hilo likiulizwa.

"Hapana, koko," binti yangu akamjibu bibi yake.

"Basi hii mbuzi sipiki."

Mjomba akakohoa. "Dada, usituletee haya. Hii njo desturi yetu."

"Ile mbuzi ingine nilipika mimi," mama akasema. "Niliweka na pilipili. Mulisema iko tamu."

Akamvuta mbuzi hadi barabarani, akaelekea dukani kwa mkwe, wazee wakimfuata nyuma wakimsihi, majirani wakitoka milangoni. Mbuzi alikuwa akisimama kula majani ya watu, na mama alimngoja amalize. Akamfunga kwenye mlango wa duka, akarudi.

Binti yangu yuko nasi. Jana asubuhi alikwenda sokoni kununua chumvi, jua likiwaka, akarudi jioni. Mama alimwuliza tu kama chumvi ilikuwa bado inapatikana.