Mgonjwa wa Mashamba ya Zabibu

Kabla sijarudi Maskati, Mama alishawaambia watu kuwa nimekwenda Ufaransa kutibiwa. Uongo mtupu. Nilikwenda likizo kusini mwa nchi ile, kwenye jua na mashamba ya zabibu, na zabibu zenyewe zote ni za kutengenezea mvinyo. Sikuonja hata tone, lakini Mama aliona haya kutaja mvinyo mbele ya mashoga zake.

Kwetu mgonjwa akirudi safari lazima atazamwe. "Lala kitandani, wageni wako njiani," Mama aliniambia siku ya pili, nyumbani kwetu mtaa wa Mabela. Nikamjia juu, nikamwambia mimi sichezi mchezo huo. Kengele ya mlango ilipolia, nikajifunika shuka.

Wakaja na supu na matunda. Wakanionea huruma nilivyosawijika uso, wakasema dawa za Wazungu kali. Lilikuwa jua la mashambani.

Wa mwisho kubaki chumbani alikuwa shoga mmoja wa Mama anayekaa mtaa wa Darsait, ambaye figo zake hazifanyi kazi tena na kila wiki husafishwa damu hospitali. Alikaa ukingoni mwa kitanda, akanisomea dua, akanipulizia usoni. Kisha akautazama mlango, akaniuliza kwa sauti ya chini:

"Mwanangu, huyo daktari wako wa Ufaransa, na figo anatibu?"

Nikafumba macho, nikajifanya usingizi umenichukua. Alinifunika vizuri, akatoka kwa kunyata asije akaniamsha.